Somo: Muda wa sesheni na kufagia mafaili kwenye seva ya Ubuntu yenye PHP

Wadau wa Arusha na Moshi wenye tovuti za kupokea oda za safari na kupanda mlima, lalamiko hili mnalijua. Mteja anajaza fomu ya Machame ya watu wanne: pasipoti, bima, asichokula nani. Anainuka kutafuta pasipoti ya mkewe, akirudi na kubonyeza Tuma anarushwa kwenye ukurasa wa kuingia, fomu imefutika. PHP, lugha inayoendesha tovuti, hutunza sesheni, yaani kumbukumbu ya seva kuhusu mtu aliyeingia; ikiachwa ilivyo humvumilia mtu sekunde 1440 tu bila kugusa kitu, yaani dakika 24. Kwenye Ubuntu mfagiaji, programu inayofuta mafaili ya sesheni zilizopitwa na muda, hupita kila nusu saa, kwa hiyo mmoja anatolewa dakika ya 25, mwingine anafika ya 50. Ndiyo maana ukijaribu mwenyewe tatizo linakukimbia.

Hatua ya 1: Muda

Fungua `/etc/php/8.3/fpm/php.ini` (hiyo 8.3 ni ya Ubuntu 24.04) uweke:

```
session.gc_maxlifetime = 7200
session.cookie_lifetime = 0
session.cookie_httponly = 1
session.cookie_secure = 1
session.use_strict_mode = 1
```

Kisha `sudo systemctl restart php8.3-fpm`. Saa mbili zinatosha fomu ndefu. Kama tovuti bado haina HTTPS, `cookie_secure` iache kwanza, maana hakuna atakayeweza kuingia.

Wengi huongeza muda wa kuki (alama ndogo inayokaa kwenye kivinjari cha mteja) peke yake. Kuki ni tiketi ya mzigo, faili la sesheni ndilo begi lenyewe kwenye buti la basi. Begi likishateremshwa njiani, tiketi haikusaidii kitu.

Mtu akishaingia kwenye akaunti, ita `session_regenerate_id(true)`, ili namba aliyokuwa nayo kabla ya kuingia isitumike tena.

Hatua ya 2: Mjue anayefagia

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kwenye Ubuntu PHP yenyewe haifagii: `gc_probability` ni 0, na folda ya `/var/lib/php/sessions` imefungwa kiasi kwamba PHP haiwezi kuorodhesha yaliyomo. Kazi hiyo inafanywa na `phpsessionclean.timer`, dakika ya 9 na ya 39 ya kila saa. Huyo anasoma php.ini na vifaili vya `conf.d`, basi. Ukiandika `ini_set` ndani ya msimbo wako, hakusikii: ataendelea kufuta kwa dakika 24. Na ukihamisha folda ya sesheni kwa `session_save_path()`, hajui kama ipo, haifagiwi milele.

Folda isiyofagiwa hujaa haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu kila roboti ya utafutaji inayopita bila kuki inafunguliwa faili jipya. Siku moja seva inagoma kuandika chochote, inadai nafasi imekwisha, ila `df -h` inaonyesha diski nusu tupu. Piga `df -i`. Kilichoisha ni ainodi, idadi ya mafaili, si ukubwa wake.

Hatua ya 3: Ratiba yako

Tuseme sesheni zako ziko `/srv/safari/sesheni`. Hesabu kwanza, usifute:

```
sudo -u www-data find /srv/safari/sesheni -type f -name 'sess_*' -mmin +120 | wc -l
```

Idadi ikiingia akilini, fungua `sudo crontab -u www-data -e`, ratiba ya cron, programu inayoendesha amri kwa saa ulizopanga. Usitumie root, mtumiaji mwenye mamlaka yote; njia ikikosewa, hasara iwe ndogo.

```
*/30 * * * * find /srv/safari/sesheni -type f -name 'sess_*' -mmin +120 -delete
20 3 * * * find /srv/safari/pasipoti-muda -type f -mtime +6 -delete
```

`-delete` ikae mwisho siku zote. Ukiitanguliza, `find` inafuta kila inachokutana nacho kabla haijaangalia jina. Na `-mtime +6` ndiyo siku saba kamili; ukiandika +7 unapata nane, kwa kuwa vipande vya siku havihesabiwi. Mstari wa pili unafuta picha za pasipoti zilizowekwa kwa muda; msizilaze humo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitaki taarifa zikae kupita muda zinaohitajika.

Sasa saa. Hiyo `20 3` ni saa tisa na dakika 20 usiku. Ukiandika 9 ukiwaza saa tisa, kazi itaanza saa tatu asubuhi, ofisi nzima iko kwenye mfumo. Tena seva nyingi za kukodi zinatumia UTC, saa tatu nyuma yetu. Rekebisha:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo systemctl restart cron
```

Maswali

Sakina: Mkuu, `rm sess_*` inakataa, inasema orodha ni ndefu mno.

Si rm yenyewe. Shell, programu inayopokea amri zako, inageuza nyota kuwa majina yote kabla ya kuiita rm, na majina hayaenei. Tumia ule mstari wa find, utangulize `ionice -c3` ili tovuti isikwame wakati inafuta.

Majengo, Moshi: Seva yetu iko ofisini. Umeme ukikatika usiku, kazi ya saa tisa inafanyika asubuhi ukirudi?

Hapana, cron hairudii iliyopita. Tengeneza timer ya systemd (msimamizi wa huduma za seva) yenye mistari hii, na service yake yenye amri ya find:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 03:20
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Mashine ikiwaka, iliyorukwa inafanyika. Ukishaiwasha kwa `systemctl enable --now`, futa ule mstari wa crontab.

Ngarenaro: Mstari wenye `date +%F` unafanya kazi nikiuandika mwenyewe, kwenye crontab unakufa.

Ndani ya crontab alama ya % ni mwisho wa mstari. Andika `\%F`.

Njiro: Samahani mtaalamu, nimefuta logi ya GB 6 ya Nginx lakini `df -h` haijashuka hata kidogo.

Dada, Nginx, programu inayohudumia tovuti, bado imelishikilia. Jina limeondoka, faili lipo. `sudo lsof +L1` itakuonyesha, halafu `sudo nginx -s reopen` italiachia. Baada ya hapo logi mwachie logrotate, programu inayozungusha na kufuta logi za zamani.