Mwaka umepita hakuna mimba? Anzeni na kipimo cha mume

Wanawake wengi wanaokuja kliniki yetu hapa Tanga kutafuta mtoto huja peke yao. Mwanamke ameshapigwa altrasaundi, ameshatolewa damu ya homoni, mwingine ameshapiga hata picha ya mirija ya uzazi. Nikimuuliza mume amepimwa nini, jibu ni moja: bado. Mimi ni muuguzi mkunga, na jambo hili linaniuma, kwa sababu kipimo cha mume, yaani cha manii, hakina sindano wala kisu, na majibu yake yanaweza kugeuza matibabu yote. Picha ya mirija, kwa upande mwingine, inamlaza mkeo chini ya eksirei huku dawa ikipitishwa kwenye mlango wa kizazi, na wengine huumia sana. Usimruhusu apite huko kabla wewe hujapimwa.

Muda wa kwenda hospitali ni miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, miezi 6 inatosha. Msisubiri kabisa kama hedhi yake inaruka miezi, au mume aliwahi kuvimba korodani kwa matubwitubwi. Lakini hesabuni mwaka huo kwa ukweli. Dereva wa lori la Tunduma anayelala nyumbani siku mbili kwa mwezi hana mwaka wa kujaribu, hata kama ndoa ina miaka mitatu. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 32 huwa kwenye siku ya 18 hivi, si ya 14. Yai huishi kama siku moja tu, mbegu zaweza kufika siku tano. Mkikutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, hamhitaji kalenda ukutani, na kitanda kinabaki kitanda cha mke na mume.

Sasa kipimo chenyewe. Mume akae bila kutoa manii kwa siku 2 hadi 7, isipungue wala isizidi. Kikopo kichukuliwe maabara. Chupa ya dawa iliyooshwa nyumbani haifai. Asitumie mate, mafuta wala sabuni, maana vinaharibu mbegu, na kondomu ya kawaida vilevile. Waumini wasioridhika na kujichua waulize maabara kuhusu kondomu maalumu isiyodhuru mbegu, ambayo mume huivaa akiwa na mkewe. Manii yote yaingie kikoponi. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi, hivyo likimwagika, sema, usione haya. Andika saa yalipotoka. Yafike maabara ndani ya saa moja, na njiani kikopo kikae karibu na mwili, mfuko wa ndani wa shati unafaa. Kisiwekwe kwenye barafu wala juani mbele ya gari. Anayetoka Muheza au mbali zaidi aombe chumba hapohapo maabara.

Majibu yakitoka msiyasome kama matokeo ya mtihani. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 vinataja ujazo wa mililita 1.4 na mbegu milioni 16 kwa kila mililita kama kiwango cha chini. Aliye chini ya hapo bado anaweza kumpa mkewe mimba, na aliye juu hajahakikishiwa. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana kwenye karatasi. Rudieni baada ya miezi mitatu hivi. Katika muda huo aache sigara na apunguze pombe, na kama anachoma sindano za testosteroni (homoni ya kiume) ili ajenge misuli, amwambie daktari. Sindano hizo zinaweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.

Mke apimwe damu siku 7 hivi kabla ya hedhi anayoitarajia, kuona kama yai limepevuka, na picha ya mirija ipigwe damu ikishakatika, kabla yai halijatoka. Mirija huziba kwa magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono, au kwa maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Klamidia mara nyingi haina dalili, na inaweza kuwa imeingia miaka mingi nyuma, kwake au kwa mume. Picha hiyo isigeuzwe kuwa ushahidi wa umalaya.

Na vile vidonge vya kuweka ukeni vya “kusafisha kizazi”, naomba mviache. Kizazi kinajisafisha chenyewe. Dawa hizo zinaunguza na zinaweza kuleta maambukizi, na hakuna hata moja inayozibua mirija. Atakayewaambia ni chango tu, bila kipimo, anawapotezea miezi ambayo mke mwenye miaka 37 hana.

Nyumbani, kila mmoja awajibu ndugu zake. Mama mkwe asijibiwe na mke. Mume ndiye aseme: “Mama, tunatibiwa sote wawili. Kukiwa na habari nitakuletea mwenyewe.” Aseme hata kama majibu ya mke ndiyo yenye kasoro, na asitaje nani ana nini. Mawifi wakikaa kikao, akae naye. Arobaini ya mtoto wa shemeji ikiwa nzito kwa mke, zawadi ipelekwe na mume, yeye apumzike. Kuhusu upandikizaji wa mimba, yaani yai na mbegu kukutanishwa maabara kisha kuwekwa kizazini, kubalianeni kiwango cha fedha kabla ya kulipa awamu ya kwanza, mkiandika kabisa kama kiwanja kinauzwa au hakiuzwi. Uamuzi huo haufai kufanywa siku majibu mabaya yanapotoka.

Mmoja wenu akikosa usingizi wiki nzima, akiacha kula, akipigwa kwa sababu ya jambo hili, au akisema afadhali afe, msingoje tarehe ya kliniki. Nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo mkamwambie muuguzi hivyohivyo mlivyoona, na mwenye kusema hivyo asiachwe peke yake njiani.