Kabla Fundi Hajafungua Injini ya Pikapu Yako ya Zamani

Hilux yangu ilipoanza kula oili, dereva alikuwa akiongeza karibu nusu lita kila aliporudi Goma kutoka Sake na mzigo wa kabichi. Fundi alifungua kifuniko cha oili, akaona injini inapumua moshi, akaniambia: "Mama, moteri hii tutaibadilishia ringi tu, zile pete za pistoni, itapona." Nikampa avansi, yaani malipo ya awali, siku ileile. Hakuna aliyepima silinda. Haikupita miezi mitatu moshi wa bluu ukarudi, nikalipa upya: pistoni, kuchonga silinda, gasketi, na kazi ya mikono tangu mwanzo. Silinda iliyolika huacha kuwa duara kamili, hivyo ringi mpya hugusa upande mmoja na kuachia mwingine. Ningejua hilo kabla, ningelipa mara moja.

Kwa hiyo anza kwa kuijua injini yenyewe. Pikapu nyingi za zamani zinazotembea hapa kwetu zina injini za dizeli za Toyota zinazofanana sana kwa sura: 2L ya cc (ujazo wa silinda zote) 2,446, 3L ya cc 2,779 na 5L ya cc 2,986. Ndani hazilingani. Kipenyo cha silinda ya 2L ni milimita 92, cha 3L ni 96, cha 5L ni 99.5. Karatasi za gari zinaweza kusema hivi na bloku ikasema vile, maana gari la miaka thelathini huenda limeshabadilishiwa injini na mtu usiyemfahamu. Safisha bloku, soma namba iliyogongwa pale, ipige picha kwa simu. Ukienda Birere kutafuta vipuri bila hiyo namba, muuzaji atakubahatishia.

Kisha uliza kama ni injini kweli iliyochoka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi au kichwa cha silinda kilichopasuka. Mweusi ni mazutu (dizeli) mengi kuliko hewa, na hapa wenyeji wa Goma tuwe waangalifu sana. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa), ambayo pampu yake ilipangwa kwa ajili ya pwani, itatoa moshi mweusi kwenye mlima hata ikiwa nzima. Peleka kwanza nozeli zikapimwe, badilisha chujio la mazutu na la hewa. Nimeona gari likipona kwa hayo tu, wakati mwenyewe ameshaanza kutafuta pesa ya pistoni.

Kama dalili bado zipo, dai kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Kipimo cha gari la esansi (petroli) hakifai, dizeli ina nguvu zaidi na itakiharibu. Injini iwe ya moto, betri iwe imejaa, na silinda zote nne zipimwe, namba ziandikwe kwenye karatasi mbele yako. Kwa injini hizi za L, iliyo nzima husoma kama kilo 32 kwa sentimita ya mraba, na chini ya 20 imechoka. Kwa urefu wetu usishtuke ukiona 27, ni ile hewa nyepesi. Mimi hutazama zaidi tofauti: silinda moja ikiachwa na wenzake kwa zaidi ya kilo 5, kuna ugonjwa pale. Fundi akitia kijiko kimoja kidogo cha oili kwenye silinda hiyo na kipimo kikapanda, shaka huangukia ringi na silinda. Kikibaki palepale, tazama valvu au gasketi. Kijiko kimoja, si kikombe, kwani oili nyingi hudanganya kipimo na inaweza kupinda fimbo ya pistoni.

Hesabu ya pesa ifanywe kabla ya kufungua, kwa dola kama tunavyonunua vitu hapa. Weka pistoni na ringi, beringi za krenki na za fimbo, gasketi zote, sili za mbele na nyuma, pampu ya oili, pampu ya maji, mkanda wa taimingi pamoja na tensheni yake, chujio, oili, na ujira wa mashine ya kuchonga. Mkanda kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na kazi yote mpya huishia hapo. Ukifungua injini ukamrudishia mkanda wa zamani ili kubana dola chache, umejiwekea hasara ndani. Baada ya jumla, linganisha na bei ya injini kamili ya okazyo, yaani iliyokwisha kutumika. Mara nyingine okazyo ni nafuu, ila nayo ipimwe kompresheni kabla hujatoa pesa, la sivyo unanunua uchovu wa mtu mwingine.

Pistoni zisinunuliwe kabla ya bloku kupimwa na mtu wa mashine. Yeye ndiye atakayesema kama silinda itachongwa kwa nusu milimita au zaidi, na pistoni hufuata kipimo hicho. Beringi vilevile: krenki ikisagwa robo milimita, beringi ziwe za robo. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu gasketi ya kichwa ya injini hizi, nalo ni kwamba hutengenezwa kwa unene wa aina tatu, na fundi huchagua baada ya kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Atakayekununulia gasketi kabla ya kupima hilo anacheza bahati nasibu na injini yako.

Sasa kile kilichoila injini. Hili ndilo linalonisumbua moyo, kwa sababu tunaweka vyuma vipya tukaacha adui mlangoni. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati yake. Vumbi la mawe hayo ni kali kama msasa. Kabla ya siku ya kazi, fuata bomba la raba kutoka chujio la hewa hadi kwenye injini, likunjekunje, tafuta ufa. Ufa mdogo unavuta vumbi lisilochujwa moja kwa moja hadi kwenye ringi.

Adui wa pili ni joto. Kwa urefu wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta, ambacho huyaweka maji chini ya shinikizo ili yasichemke upesi. Springi yake ikichoka, mlima mmoja na mzigo vinatosha kupinda kichwa, na vichwa vya injini hizi vinajulikana kwa kupasuka vikichemka. Kinunue kipya. Usikubali tamostati, kile kidhibiti joto cha maji, itolewe na kutupwa. Na tafadhali, maji ya ziwa yanayoletwa kwa bidoni yasiingie kwenye rejeta. Ziwa Kivu lina madini mengi yaliyoyeyuka, nayo hubaki kama gamba ndani ya njia za maji. Tumia kipoza-injini cha dukani, au kichanganye na maji yaliyotoneshwa.

Kuhusu gereji, mimi hutazama sakafu na paa kabla ya kuuliza bei. Injini iliyofunguliwa kwenye uwanja wa vumbi huanza kulika siku ya kwanza. Uliza kama wana spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza boliti, waombe wakuonyeshe. Mwambie fundi kwa heshima, "Fundi, vyuma vya zamani nitavichukua," na umwambie mapema, si mwishoni. Mkataba uandikwe: kazi gani, siku ngapi, avansi kiasi gani.

Jambo la mwisho la kupanga ni mapato ya baada ya ukarabati, maana gari likitoka halitakuwa tayari kubeba tani. Kilomita 1,000 za kwanza ni za mwendo wa kadiri, mzigo mwepesi, bila kushikilia spidi moja kwa muda mrefu, na oili ibadilishwe mapema ili vumbi la chuma litoke. Goma hadi Sake na kurudi ni kama kilomita 50, kwa hiyo ni safari ishirini. Waambie wateja wako wa kabichi kabla, na dereva aambiwe mbele yao.