Wanawake wa ujenzi Mtwara: jinsi ya kuunda mtandao wa kushikana mkono

Kikundi cha akina mama wa ujenzi kisianze na sanduku la fedha. Kianze na kupeana kazi. Fedha zije baada ya miezi mitatu, mkishajua nani anafika saiti kwa wakati na nani anarudisha ngazi aliyoazima.

Tafuteni watu 10 hadi 15 wa fani tofauti: waashi, wa kupaua, umeme, bomba, tailsi, jipsamu, rangi, mfyatuaji tofali, na mwenye duka la vifaa. Wauza saruji waulizwe kwanza, maana wanawafahamu wanaonunua kila wiki. Walimu wa VETA, vyuo vya ufundi stadi, nao wanawajua wasichana waliohitimu. Mkiwa wapaka rangi watupu, mteja mmoja wa Shangani mtamgombania nyote. Fani zikichanganyika, nyumba hiyohiyo inapita mikononi mwa wengi: mwashi akifika lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, anamtaja wa kupaua, wa umeme anapitisha mabomba yake kabla ya plasta, mwisho anaitwa wa rangi. Hata hivyo kila fani iwe na angalau wawili, ili mmoja akijifungua au akiuguza mtoto, mwenzake ashike saiti na mteja asihame.

Kutaneni Jumapili saa kumi jioni, mara mbili kwa mwezi. Ramadhani vikao vihamie asubuhi.

Kikao cha kwanza kiwe cha kukokotoa gharama. Hapa ndipo wengi wanaumia: mteja akimwona fundi ni mwanamke anabana bei, naye anakubali kwa sababu hana hesabu mkononi ya kumwonyesha. Chukueni plasta ya mita 90 za mraba. Mchanganyo wa 1:4, yaani saruji moja kwa mchanga nne, wenye unene wa milimita 12 unakula saruji karibu kilo 5.6 kwa kila mita, hivyo mfuko wa kilo 50 unafunika mita 8 hadi 9. Hiyo ni mifuko 10 au 11, na ukuta uliopinda utadai zaidi. Kisha andikeni mchanga na usombaji wake, maji, posho ya saidia fundi kwa kila siku, bodaboda, na siku za kumwagilia. Kila mmoja akokotoe peke yake, ndipo mlinganishe madaftari. Aliyetoka chini sana mara nyingi amesahau usombaji au maji. Mkishaijua gharama halisi, kila mmoja ajipangie faida yake. Na mchanga wa ufukweni msiuguse hata ukiwa wa bure: chumvi yake inachanua ukutani na kuozesha nondo.

Anayempa mwenzake kazi apewe asante iliyokubaliwa mapema, tuseme asilimia 5 ya fedha ya ufundi. Kazi ya 600,000 inatoa 30,000, na ilipwe mteja akishalipa. Asante isiyo na kiwango ndiyo inayozaa manung'uniko.

Kifaa cha kwanza cha pamoja kiwe kile ambacho wengi wenu hukikodi, kama vaibreta ya kushindilia zege au mashine ya kukatia tailsi. Kiwe na daftari lake: nani amekichukua, tarehe, hali kilivyotoka, hali kilivyorudi. Kirudi kimeoshwa siku hiyohiyo, kwa kuwa zege likishakauka juu yake litatolewa kwa nyundo.

Sanduku sasa. Funguo tatu kwa watu watatu, na sanduku lenyewe likae kwa mtu wa nne. Kazi yake kubwa iwe kumvusha mwanachama kati ya kununua vifaa na kulipwa, na mkopo usizidi theluthi ya kazi aliyosainiana na mteja. Vikundi vingi huvunja mzunguko, yaani hugawana akiba, Desemba. Nyinyi vunjeni Septemba: minada ya korosho huanza karibu Oktoba, wateja wanapata fedha, na kila mtu anataka bati liwe juu kabla mvua hazijashika. Ukigawiwa Desemba, msimu umeshakupita mikono mitupu.

Kikitulia, kikundi kisajiliwe halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikiwa na katiba, mihtasari na akaunti ya benki. Hapo mtaweza kuomba mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni za wanawake. Sheria ya ununuzi wa umma pia inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Anayetaka kazi za ukandarasi bado anahitaji usajili wake kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Saiti mpya msiende mtu mmoja kuipima. Nendeni wawili, mchana. Malipo yagawanywe kwa hatua na kusainiwa: msingi, lenta, kupaua, plasta. Mteja asiyelipa jina lake lisirushwe kwenye kundi la WhatsApp, maana linaweza kuwarudia kama kesi. Litajwe kikaoni kwa mdomo, mkataba ukiwa mezani, pamoja na kiasi anachodaiwa na tarehe. Wanachama wawili waende na mwenzao kudai, na wakishindwa wapeleke mkataba huo kwa mtendaji wa mtaa.