Somo: Doa la mafuta kwenye karatasi ya maandazi

Ukinunua maandazi ya moto yakafungwa kwenye gazeti, ukifika nyumbani gazeti lina madoa. Liinue kuelekea dirishani: penye doa, maandishi ya upande wa pili yanasomeka. Mafuta hayajatoboa kitu, sasa mbona mwanga unapita? Leo tunalifuata doa hilo.

Andaa tochi ya simu, glasi isiyo na maua, kipande cha boksi, karatasi nyeupe ya daftari, gazeti na mafuta ya kula kidogo. Fanya usiku. Umeme ukikatika ndiyo neema yenyewe.

Hatua ya 1. Mulika ukuta, kisha pitisha glasi katikati. Mwanga karibu wote unafika. Glasi ni kitu angavu. Nasema "karibu" kwa sababu kila uso wa kioo hurudisha takriban asilimia 4, ndiyo maana usiku, taa ikiwaka ndani, unajiona dirishani.

Hatua ya 2. Weka boksi. Kivuli tupu. Mwanga mwingine umerudi, mwingine umenyonywa ukawa joto. Boksi halipitishi mwanga; hapa hakuna la ziada.

Hatua ya 3. Weka karatasi. Ukuta unapata mwanga hafifu uliotawanyika. Sasa laza karatasi hiyo juu ya gazeti: maandishi yanaonekana kwa mbali. Iinue kiasi cha unene wa kidole tu, yanafutika. Karatasi ni nusu angavu: inapitisha mwanga lakini inauvuruga njiani.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye utamu. Dondoshea karatasi tone la mafuta, subiri dakika mbili, futa yaliyobaki juu. Imulike kwa nyuma: doa linang'aa kuliko karatasi inayolizunguka. Kisha ilaze juu ya meza nyeusi, uimulike kwa mbele: doa lile lile sasa ndilo lenye giza. Mwanga ambao ungerudi machoni mwako umepenya ukazama mezani.

Siri iko kwenye hewa. Nyuzi za karatasi zenyewe ni angavu, lakini katikati yake mna hewa. Namba inayoonyesha kitu kinapunguza kasi ya mwanga mara ngapi ni 1.00 kwa hewa na karibu 1.5 kwa nyuzi hizo. Kila mwanga unapotoka kwenye uzi kuingia hewani, unapinda na sehemu yake inarudi. Ukivuka mipaka mingi hivyo, unatapakaa kila upande, na sisi tunaona weupe. Mafuta (karibu 1.47) yakifukuza hewa, mwanga unatoka kwenye uzi na kuingia kwenye kitu kinachokaribia kufanana nao, basi unapita bila kusumbuliwa. Chumvi ni hivyo hivyo: punje moja ni angavu, fungu ni jeupe.

Mkemia Mjerumani Robert Bunsen alilitumia doa kama hili kulinganisha taa. Karatasi inasimamishwa kati ya taa mbili na kusogezwa. Doa likipotea machoni, mwanga wa pande zote mbili umelingana.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo Mwalimu. Nilikosa mafuta nikatumia maji. Doa lilitokea, baadaye likapotea. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Hujakosea. Maji ni 1.33, yanaisaidia karatasi kiasi, na yakikauka hewa inarudi mahali pake. Mafuta ya kula hayakauki hivyo. Ndiyo maana ukitafuta mafuta kwenye chakula kwa kukisugua kwenye karatasi, unaiacha ikauke kwanza ndipo usome jibu.

*Mwalimu, dirisha la bafu letu ni kioo cha ukungu. Mtoto kabandika selotepu, na pale alipobandika panaonekana ndani! Kioo kimeharibika?*

Hapana, dada. Kabandika upande uliokwaruzwa, gundi ikajaza mikwaruzo. Bandua, safisha gundi yote, ukungu utarudi. Angebandika upande laini usingeona tofauti.

*Nimefunika tochi kwa kidole, kikawa chekundu chote. Mbona mifupa sijaiona?*

Damu hunyonya sana kijani na buluu, nyekundu ndiyo inayopenya. Kuhusu mifupa, rudi hatua ya 3: nyama iliyo juu ya mfupa ndiyo ile karatasi uliyoiinua juu ya gazeti. Na usikae sana na kidole hapo, taa ya simu huchoma.