Kata masafa kabla ya kubadilisha amplifaya
Ikiwa gitaa la umeme linalopitia kifaa cha kidijitali cha kuiga amplifaya linatoa sauti kali yenye mkwaruzo, usikimbilie kubadilisha aina ya amplifaya. Fungua mipangilio ya spika ya kuigwa, yaani sehemu ya kifaa inayoiga sauti ya spika ya gitaa, ukate masafa ya sauti yaliyo chini ya Hz 80 na yaliyo juu ya Hz 7,000 hivi, huku sauti ikiwa katika kiwango kile kile utakachopigia. Spika ya gitaa ya inchi 12 hufifia haraka ikishapita Hz 5,000, ilhali hedifoni na spika za studio hutoa kila kitu. Kiwango cha sauti nacho ni muhimu mno: sauti ikiwa ndogo, masikio hayapokei vyema besi wala masafa ya juu, hivyo toni iliyopangwa kimyakimya chumbani huvuma na kuchoma masikio jukwaani. Teremsha kikomo cha juu polepole huku ukipiga nyuzi nyembamba karibu na daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa), usimame pale mkwaruzo unapotoweka na mguso wa kipigio ungali unasikika. Mbinu hii haifai kifaa kinapounganishwa na spika halisi ya gitaa. Hapo zima kabisa spika ya kuigwa, kwani sauti ikichujwa mara mbili huwa butu.