Jinsi ya kupima presha nyumbani upate namba ya kweli

Wengi wanapima presha vibaya halafu wanapaniki bure, au mbaya zaidi wanaongezewa dawa wasizohitaji, so tuelewane hapa.

Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi, na kama una mkojo kakojoe kwanza, maana kibofu kikijaa presha inapanda kweli. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini bila kukunja nne, tulia dakika 5, simu weka mbali na usiongee na mtu.

Sasa mkono, hapa ndo watu wengi wanakosea. Uweke juu ya meza, mkanda wa mashine unaofungwa mkononi uwe usawa wa moyo, uvae kwenye ngozi sio juu ya sweta, na ukubwa wake ukutoshe, kwani mkanda ukibana mkono mnene mashine itasoma juu kuliko ilivyo.

Pima mara 2 ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni tena, fanya hivyo siku 7 na uandike zote, hata zile usizozipenda, daktari anazihitaji. Wastani ukifika 135/85 au zaidi nenda ukaonwe, na dawa usiache mwenyewe eti kwa sababu imeshuka, imeshuka kwa vile unazimeza!

Ikipita 180/120 na kifua kinauma, pumzi inakata, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea, usisubiri kupima tena, kimbia hospitali.