Somo: Kupima mwendo wa maji yanayokizunguka kiputo kikubwa katika bomba la wima

Wengi wakifanya jaribio hili huishia kupima kasi ya kiputo chenyewe, ilhali jambo lenye uzito ni maji: hewa inapopanda, maji hayana budi kuipisha kwa kushuka, na njia pekee iliyobaki ni upenyo mwembamba kati ya kiputo na ukuta wa bomba. Vifaa ninavyovitaja ndivyo ninavyotumia na wanafunzi wangu hapa Kigoma.

Kwanza, tafuta bomba angavu lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 na urefu wa mita 1 hivi. Chini yake funga koki yenye tundu la kipenyo hichohicho, na chini ya koki kipande kifupi cha bomba kilichozibwa, chenye hewa tupu. Lisimamishe kwa timazi, kwa sababu bomba likiinama kiputo huongeza kasi badala ya kupunguza.

Pili, zungushia sehemu ya katikati kisanduku cha vioo bapa vilivyogandishwa kwa silikoni, ukijaze maji na usimamishe rula ndani yake. Ukuta wa mviringo hupindisha taswira, na bila kisanduku unene wa utando wa maji hauwezi kusomwa kwa uaminifu. Hatua hii wengi huiruka, nawasihi msiiruke.

Tatu, jaza maji, yaache yatulie kabisa, kisha dondosha punje moja ya potasiamu pamanganeti, ambayo huzama ikiacha uzi wa zambarau. Fungua koki kwa mkupuo mmoja huku simu ikirekodi picha 240 kwa sekunde, na taa ikiwa nyuma ya bomba.

Sasa tazama picha moja baada ya nyingine. Uzi hausogei mpaka kichwa cha kiputo kikaribie sana. Ndipo unaposukumwa ukutani, unavutwa chini ndani ya utando, na hatimaye kuvurugwa na vizunguzungu vilivyo nyuma ya mkia. Kasi ya kiputo hukaribia 0.35 mara kipeuo cha pili cha zao la mvutano wa dunia na kipenyo, yaani sentimita 17 kwa sekunde. Utando ukiwa na unene wa milimita 1, eneo lake ni milimita za mraba 75 dhidi ya 415 za hewa. Kwa hiyo maji hushuka kwa wastani wa sentimita 95 kwa sekunde, zaidi ya mara tano ya kasi ya kiputo.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, naomba kuuliza: kiputo kirefu hupanda haraka zaidi?

Hapana. Kasi huamuliwa na umbo la kichwa. Urefu huathiri utando, ambao huzidi kuwa mwembamba kadiri unavyoshuka, mpaka msuguano wa ukuta ulingane na uzito wa maji.

Huku Kasulu mawese hayakosekani. Je, yanafaa badala ya maji?

Mawese hayapitishi mwanga vizuri, nayo huganda yakipoa. Tumia mafuta angavu ya alizeti, na utaona nyuma ya mkia pametulia zaidi. Pamanganeti haiyeyuki ndani ya mafuta, hivyo fuata viputo vidogo vilivyonaswa humo. Wanaofikiria gliserini nawaonya kwa msisitizo: wasiiguse na pamanganeti kamwe, kwa kuwa mchanganyiko huo hujiwasha moto wenyewe.